Chagua kwa Mwisho Wake: Filamu za Vichekesho Kuhusu Aliyeambiwa Siku Zake Zimehesabika

Filamu za vichekesho kuhusu mtu aliyeambiwa kwamba hatapona zina mwanzo mmoja, au karibu mmoja. Mtu mpole, mwenye kazi isiyomletea sifa na akiba aliyoikusanya kwa kujinyima, anaingia katika chumba cha daktari kwa jambo dogo na anatoka humo akiwa ameambiwa kwamba mwaka hautamkuta. Anaacha kazi, anatoa fedha benki, ananunua nguo ambazo jana asingethubutu hata kuuliza bei yake, anafunga safari, na kuanzia hapo anayasema yale yote aliyokuwa akiyameza. Kwa kuwa mwanzo ni huohuo, maelezo mafupi yanayoandikwa kwenye kasha au kwenye tangazo hayamsaidii sana mtu anayetaka kuchagua. Kinachozitofautisha filamu hizi, na kinachoamua kama inafaa kutazamwa leo pamoja na watu ulio nao sebuleni, ni namna zinavyomalizika.

Kwa sababu hiyo, ulinganisho huu unaeleza miisho waziwazi, na asiyependa kujua mwisho kabla ya kutazama aahirishe kuusoma.

Watazamaji waliolelewa na vibanda vya video vya Tanzania wana kanuni yao isiyoandikwa popote: stelingi hafi. Anaweza kupigwa, kufungwa, kutupwa mtoni, lakini mwisho atasimama. Filamu za aina hii zinaiweka kanuni hiyo majaribuni tangu dakika za kwanza, kwa sababu stelingi ameshahukumiwa kifo na daktari, na mwandishi hana budi kuchagua mojawapo ya njia chache: daktari alikosea, daktari alidanganya, mgonjwa alipona, au mgonjwa alikufa kweli. Kila njia inabadilisha maana ya ujasiri wote uliotangulia, na ndiyo maana filamu mbili zenye jina moja na kisa kimoja zinaweza kumwacha mtazamaji katika hali mbili zilizo mbali kabisa.

Last Holiday ya 2006: mashine ilikuwa mbovu

Hii ndiyo inayojulikana zaidi miongoni mwa watazamaji wa leo. Iliongozwa na Wayne Wang, ikatoka Januari 2006, na Queen Latifah anaigiza Georgia Byrd, mwuzaji wa vyombo vya jikoni katika duka kubwa liitwalo Kragen's mjini New Orleans. Kabla ya habari mbaya kufika, filamu inatuonyesha jambo dogo linalomweleza kuliko maneno. Georgia anapika chakula cha hadhi ya hoteli kubwa kwa kufuata kipindi cha mapishi cha televisheni, anakipanga vizuri katika sahani, anakipiga picha, anampa kijana wa jirani akile, kisha yeye mwenyewe anakaa mezani na chakula cha kununua cha kupunguza unene, kilichogandishwa na kupashwa moto. Mambo anayoyatamani ameyabandika katika daftari la picha, na humo yumo pia Sean, mfanyakazi mwenzake anayeigizwa na LL Cool J, ambaye hajathubutu kumwambia lolote.

Anajigonga kichwa kazini, anapimwa, na anaambiwa ana ugonjwa wa Lampington na amebakiwa na wiki chache. Ugonjwa huo haumo katika kitabu chochote cha tiba, kwa kuwa ulibuniwa na mwandishi. Upasuaji ungewezekana, lakini bima ya kazini haiulipii. Jumapili, akiwa katikati ya kwaya, swali lake kwa Mungu, kwa nini mimi, linamtoka kwa sauti, na wanakwaya pamoja na waumini wanalipokea kana kwamba ni kiitikio cha wimbo. Kwa mtazamaji yeyote aliyewahi kuimba kwaya, hapo ndipo penye kicheko na machozi kwa pamoja, na sioni sehemu nyingine katika filamu hii inayolingana na hiyo kwa ustadi.

Baada ya hapo tunaingia Grandhotel Pupp, hoteli iliyopo kweli mjini Karlovy Vary katika Jamhuri ya Cheki. Georgia anaagiza vyakula vyote maalumu vya mpishi mkuu Didier, ambaye anaigizwa na Gérard Depardieu, anateleza kwenye theluji, anaruka kutoka ukuta wa bwawa kwa parachuti, anacheza kamari na kushinda kitita kikubwa. Wageni wanamdhania tajiri. Miongoni mwao yumo Matthew Kragen mwenyewe, mmiliki wa duka alikoajiriwa, ambaye yupo pale kuwashawishi wanasiasa akiwa na mambo yake.

Mwisho unaanza kwenye karamu ya mkesha wa Mwaka Mpya. Kragen, aliyekwisha kugundua ukweli, anamtangaza mbele ya wote kuwa ni mwuzaji wa dukani tu. Georgia hakatai. Anakiri alivyo, na ghafla mizani inapinduka: wageni wanabaki upande wake na Kragen anaachwa peke yake. Kisha Kragen, akiwa amelewa na kukata tamaa, anatoka dirishani na kukaa kwenye ukingo wa jengo, na anayetoka nje kumfuata na kuzungumza naye ni Georgia, yuleyule aliyedhalilishwa naye. Wakati huo Sean amekwisha kufunga safari kutoka Marekani kumtafuta, na faksi ya Dk. Gupta, daktari aliyempa Georgia majibu, inafika hotelini ikieleza kwamba mashine iliyompima Georgia ilikuwa mbovu. Hana ugonjwa wowote. Filamu inafungwa New Orleans, Georgia akiwa amefungua mgahawa wake, Sean akiwa naye, na Didier pamoja na mpishi maarufu wa televisheni Emeril Lagasse wakiwa miongoni mwa waliokuja.

Kwa maoni yangu, mwisho wa kweli wa filamu hii upo mezani, kabla ya ukingo na kabla ya faksi. Mpaka usiku ule ujasiri wa Georgia ulikuwa wa kununuliwa: alikuwa na fedha, alikuwa na nguo, na alijua hatakuwepo kulipia matokeo. Anapokiri kwamba ni mwuzaji wa vyombo hana tena kitu kinachomkinga, na wala habari za mashine mbovu hajazipata. Mwandishi angeweza kuishia hapo na filamu ingekuwa kamili. Faksi ni zawadi kwa mtazamaji, na zawadi haikataliwi, lakini inafuta mambo mawili ambayo filamu ilikuwa imeyaleta mezani yenyewe. Bima iliyokataa kumlipia upasuaji haitajwi tena, kwa sababu hakuna tena wa kufanyiwa upasuaji. Na katika furaha ile hakuna hata mmoja anayeuliza mashine ile iliwapima watu wangapi wengine, na wangapi kati yao waliambiwa ni wazima.

Last Holiday ya 1950: daktari alikosea, na haikusaidia kitu

Filamu ya Queen Latifah ni ya pili kwa jina hilo. Ya kwanza ni ya Uingereza, ya mwaka 1950, iliyoandikwa na J. B. Priestley na kuongozwa na Henry Cass. Mhusika wake anaitwa George Bird, anauza mashine za kilimo, hana mke wala jamaa, na anaigizwa na Alec Guinness kwa utulivu ambao watazamaji wa leo, waliozoea vichekesho vya kelele, wanaweza kuuona kama ubaridi. Ugonjwa ni huohuo wa Lampington. Bird naye anachukua akiba yake, ananunua suti nzuri zilizokwisha kuvaliwa na bwana mwingine, na anakwenda kwenye hoteli ya ufukweni katika mji wa kubuni uitwao Pinebourne.

Uingereza ya mwaka huo ilikuwa bado na mgao wa vyakula, uliodumu hadi 1954, na matabaka yalikuwa yanasukumana. Priestley analiingiza jambo hilo hotelini. Wafanyakazi wanagoma, wageni wenye majina makubwa wanalazimika kupika na kutandika vitanda wenyewe, na Bird, mtu asiye na chochote cha kupoteza, anakuwa kiongozi wao. Kwa siku chache waziri, tajiri na tapeli wanamenya viazi pamoja kama watu wa nyumba moja. Bird anapewa ahadi za kazi na biashara ambazo hakuwahi kuzipata alipokuwa na maisha marefu mbele yake. Mkuu wa watumishi wa hoteli, Bi Poole, anayeigizwa na Kay Walsh, ndiye anayeambiwa siri yake.

Kisha anatokea hotelini hapo Sir Trevor Lampington, daktari ambaye ugonjwa huo umepewa jina lake, anamtazama Bird na kumwambia kwamba hana ugonjwa huo. Kweli ilikuwa hivyo: picha za eksirei zilikuwa zimechanganywa. Bird sasa ana afya, marafiki, kazi zinazomsubiri na mwanamke wa kumpenda. Akiwa njiani kurudi hotelini, gari lake linapata ajali naye anakufa. Wakati huo wageni wanamsubiri kwenye chakula, na kwa kuwa amechelewa, undugu ule wa jikoni unaanza kubomoka. Mmoja baada ya mwingine wanarudia dharau zao na kukumbushana kwamba Bird alikuwa mtu wa kawaida tu. Habari ya kifo inawakuta wakiwa katika hali hiyo.

Wapo wanaoiona ajali hiyo kuwa hila ya mwandishi, na siwalaumu, kwa sababu haina sababu ndani ya kisa. Lakini hasa kwa kuwa haina sababu ndiyo inafanya kazi. Filamu ya 2006 inasema kwamba ukiishi kwa ujasiri dunia itakujibu kwa wema. Ya 1950 haiahidi jibu lolote: siku za Bird zilikuwa nzuri kwa sababu zilikuwa nzuri, si kwa sababu zililipwa baadaye. Aidha, inathubutu kusema jambo ambalo mwenzake wa baadaye analikwepa, kwamba watu waliobadilika kwa ajili ya mgeni mmoja wanaweza kurudi walivyokuwa kabla supu haijapoa. Ndugu zetu wa bara na pwani wanaojua mapatano ya msibani yanavyosahauliwa baada ya arobaini hawatashangaa.

Ujasiri huu unalipiwa na nani

Swali la fedha halipewi nafasi katika maelezo mengi ya filamu hizi, ilhali mtazamaji wa kwetu, anayejua mchango wa matibabu unavyokusanywa, huliuliza mara moja. Georgia anatumia akiba yote. Kama faksi ingefika na yeye hana senti, filamu ingekuwa imempa uhai na kumnyima riziki, na ndiyo maana mwandishi alimpitisha kwenye meza ya kamari mapema. Ushindi ule unaonekana kuwa burudani tu wakati unapotokea, lakini bila huo mgahawa wa mwishoni usingejengeka. Bird anaondolewa kabla swali halijafika. Katika Joe Versus the Volcano, ambayo nitaigusa baadaye, bilionea ndiye anayetoa kadi za benki. Na katika The Bucket List mmoja wa wagonjwa wawili ana fedha nyingi kiasi kwamba swali linakufa siku ya kwanza.

Hapa ndipo ninapompendelea Bird kidogo. Suti zake zilizovaliwa na mwingine zinamweka katika dunia ambayo fedha zina kikomo, na kila anachokifanya hotelini, isipokuwa kulala tu, hakina gharama: anasikiliza, anasema kweli, anamenya viazi. Ujasiri wa Georgia ni wa kupendeza zaidi machoni, wenye helikopta na gauni jekundu, lakini haumwonyeshi mtu mwenye kipato cha chini njia yoyote anayoweza kuifuata.

The Bucket List ya 2007: ugonjwa ni wa kweli

Filamu hii ya Rob Reiner ilitoka Desemba 2007, nayo inaachana kabisa na hila ya kosa la daktari. Carter Chambers, fundi magari anayeigizwa na Morgan Freeman, na Edward Cole, bilionea anayeigizwa na Jack Nicholson, wanalala chumba kimoja hospitalini kwa sababu Edward, mmiliki wa hospitali, aliwahi kuweka sheria kwamba kila chumba kiwe na vitanda viwili bila kubagua. Wote wana saratani. Carter anaandika orodha ya mambo ya kufanya kabla ya kufa, Edward anaiokota na kuongeza yake, na wanaondoka: wanaruka kutoka angani, wanaendesha magari ya kasi, wanafika Taj Mahal, Ukuta wa China, piramidi za Misri, na Tanzania kwa ajili ya simba. Kipande cha Tanzania ni kifupi mno, na Mtanzania atakayeiwasha kwa ajili hiyo atajuta.

Ukali wa filamu hii haumo katika safari bali katika mke wa Carter, Virginia, anayekataa kuona ushujaa wowote katika mume anayekimbia nyumba kwenda kutazama piramidi wakati siku zake zimebaki chache. Filamu za Last Holiday hazina mtu wa kuuliza swali hilo, kwa kuwa Georgia na Bird wote hawana familia inayowategemea. Kwa jamii ambayo mgonjwa ni wa ukoo mzima, swali la Virginia ni zito kuliko yote, na filamu inalijibu kwa kumrudisha Carter nyumbani kabla hajachelewa.

Mwisho wake unakwenda hivi. Saratani ya Carter inafika kwenye ubongo. Edward anamtembelea hospitalini, na Carter anamsomea maelezo ya ile kahawa ya bei ghali ambayo Edward amekuwa akijivunia tangu mwanzo: buni zake humezwa na mnyama jamii ya fungo na kukusanywa kutoka kwenye kinyesi chake. Wanacheka mpaka machozi yanawatoka, na Carter anachukua kalamu na kufuta mstari mmoja wa orodha, ule wa kucheka mpaka kulia. Anafia kwenye upasuaji. Edward anasema maneno mazishini, na pia anakwenda kupatana na binti yake waliyekosana miaka mingi, na huko anakutana na mjukuu ambaye hakujua kuwa yupo. Akiisha kumbusu, anafuta mstari wa kumbusu msichana mzuri kuliko wote duniani. Yeye anaishi mpaka miaka 81. Majivu ya wote wawili yanawekwa na msaidizi wake mlimani, Himalaya, ndani ya makopo ya kahawa. Sauti inayosimulia filamu tangu sekunde ya kwanza, ikitangaza kifo cha Edward, ni ya Carter. Mtazamaji anadhani msimulizi yu hai, na ukweli wa jambo hilo unaeleweka mwishoni tu.

Si kila mtu aliyeridhika nayo. Roger Ebert, mhakiki mashuhuri wa Chicago ambaye mwenyewe alikuwa ameugua saratani, aliipa nyota moja. Aliyewahi kumuuguza mtu wa saratani ataona upesi kwa nini: wagonjwa hawa wawili, wakishatoka hospitalini, wanakula, wanapanda na kushuka kwa nguvu ambazo wengi hawana. Hata hivyo, mwisho wake haudanganyi kuhusu kifo chenyewe, na hilo ni jambo ambalo ile ya 2006 haiwezi kulidai.

Anand ya 1971, kwa waliokulia kwenye sinema za Kihindi

Mombasa, Unguja na Dar es Salaam zimetazama filamu za Kihindi kwa vizazi kadhaa, na yeyote mwenye wazazi wa enzi hizo atakuwa amewahi kusikia jina la Rajesh Khanna. Katika Anand, iliyoongozwa na Hrishikesh Mukherjee, yeye ni mgonjwa mwenye saratani ya utumbo anayefika Bombay akiwa anajua kila kitu kuhusu hali yake na amekataa kuinunia. Anawasimamisha watu wasiomjua njiani na kuwaita kwa jina la kubuni kana kwamba ni marafiki wa zamani. Daktari wake, Bhaskar, anaigizwa na Amitabh Bachchan kabla hajawa nyota mkubwa, na ni mtu mkavu aliyechoshwa na maradhi ya maskini ambayo dawa yake ni chakula.

Filamu haifichi mwisho, kwani inaanzia baadaye, Bhaskar akituzwa kwa kitabu alichoandika kuhusu Anand. Ninachokiona kuwa cha pekee ni namna kifo chenyewe kilivyopangwa. Bhaskar ametoka kutafuta dawa, anarudi na kumkuta rafiki yake amekwisha kukata roho, anamlilia akimtaka aseme japo neno. Na sauti ya Anand inasikika chumbani. Ni tepu waliyorekodi siku nyingine wakitaniana, iliyoachwa ikizunguka kwenye mashine. Hakuna kosa la daktari, hakuna ajali, hakuna milima. Mzaha wa zamani unafika kwa kuchelewa.

Anand ni nyepesi kwa mazungumzo lakini si filamu ya vichekesho tupu, na anayetafuta kicheko cha mfululizo aipishe. Tofauti yake na nyingine ni kwamba hapa anayebadilika ni daktari. Mgonjwa alikuwa jasiri tangu aliposhuka garini.

Mbili za kutaja kwa ufupi

Joe Versus the Volcano ya 1990, ya John Patrick Shanley, inachukua njia ya uongo. Tom Hanks anaambiwa ana wingu la ubongo, ugonjwa usio na dalili, na bilionea anamlipia kila kitu ili akubali kujirusha katika volkano ya kisiwa fulani. Anajirusha pamoja na Meg Ryan, volkano inawatema baharini, na wakiwa wanaelea juu ya masanduku wanagundua kwamba daktari alikuwa wa bilionea huyohuyo. Ni ngano, na inafaa kutazamwa kama ngano.

50/50 ya 2011, ya Jonathan Levine, iliandikwa na Will Reiser kutokana na saratani aliyoiugua mwenyewe. Kijana wa miaka 27 wa Seattle, anayeigizwa na Joseph Gordon-Levitt, anaambiwa uwezekano wake wa kupona ni nusu kwa nusu, anapitia tiba na upasuaji, na anapona. Hakuna safari za kifahari, na ujasiri wake mkubwa ni kukubali kusaidiwa na mama yake. Lugha na mizaha yake ni ya watu wazima, kwa hiyo isichaguliwe watoto wakiwapo.

Ipi kwa nani

Kwa familia iliyokusanyika siku ya sikukuu, watoto wakiwa wakubwa kiasi na hakuna mwenye jeraha bichi, sioni sababu ya kusita: Last Holiday ya 2006, dakika 112, itawachekesha wote na kuwaacha wakizungumza kuhusu chakula. Lakini nyumba ambayo kuna mtu aliyepewa majibu mabaya kweli, na hasa nyumba ambayo ndugu wamekwisha kuambiwa na mgonjwa mwenyewe bado hajaambiwa yote, isiiweke. Mwisho wake unafundisha kwamba kipimo huenda kilikosea, na mgonjwa anayetafuta pa kushika atashika hapo. Kurudia vipimo kwa daktari mwingine ni jambo jema, na liamuliwe na daktari, si na faksi ya Karlovy Vary.

Nyumba kama hiyo, ikiwa mgonjwa ndiye aliyeomba filamu, inaweza kuanza na 50/50 kama ni kijana na tiba inaendelea. Kama ni mzee mwenye watu aliokosana nao, The Bucket List itafungua mazungumzo ambayo pengine hayajapata pa kuanzia. Ile sehemu ya Edward mlangoni kwa binti yake inatosha yenyewe. Anand ningemwekea yule anayeuguza kuliko anayeugua, kwa kuwa kisa kinatazamwa kwa macho ya Bhaskar, na kwa kuwa asiyejua Kihindi atahitaji kusoma maandishi ya chini, kazi isiyomfaa aliyechoka. Kwa aliyefiwa karibuni, The Bucket List na Anand zisubiri, na Last Holiday ya 1950 isubiri zaidi, maana ajali ile inakuja bila hodi.

Mwanafunzi wa uandishi wa filamu, au mtu yeyote anayetaka kujua kisa kimoja kinavyogeuka kinapobadilishwa nchi na miaka, azitazame Last Holiday zote mbili, na aanze na ya 1950. Ni fupi, dakika 88 hivi, haina rangi, na baada yake Georgia anapotoka kwenye ukingo wa dirisha mtazamaji anakuwa na wasiwasi ambao filamu ya 2006 peke yake isingeweza kumpa, kwa sababu anajua kwamba aliyemtangulia kwa jina hilo hakufika kwenye chakula. Akizipindua, ajali ya Bird itaonekana kama ukatili mtupu kwa mtu aliyestahili mgahawa.